Nguo Hujaribiwa kwa Maji

Neno "kuchuja" lilikuwa la jikoni kabla halijawa la dukani. Mpishi huchuja tui kwa kifumbu, na mnywaji huchuja chai kwa kichujio. Kisha watu wakalitwaa neno hilo wakalitia katika nguo: nguo ikitoka rangi majini husemwa imechuja. Na kutoka kwa nguo likavuka hata kwa wanadamu, kwani mwimbaji aliyechokwa na watu, au mwanasiasa asiyepigiwa makofi tena, naye huambiwa amechuja. Ndiyo sababu muuza nguo wa mwambao, tangu Lamu hata Vanga, akitaka kuisifu bidhaa yake kwa neno moja, husema: "Haichuji hii!"

Neno hilo ndilo lililomtia hasarani fundi mmoja wa Kisumu, na kisa chake ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Ni mama wa makamo, mkaazi wa mtaa wa Kaloleni, ambako Waislamu wa mji ule, Wanubi na Waluo na jamaa za watu wa pwani, wamechanganyika miaka mingi. Kazi yake ni kushona mifarishi: tandiko la matabaka matatu, juu vipande vya vitenge na leso vilivyoungwa kwa mpangilio, kati pamba au blanketi kuukuu, na chini shuka. Matabaka yote hupitishwa uzi pamoja hata yakawa kitu kimoja.

Mama huyu alipata kazi ya bibi arusi. Wenye arusi walitaka rangi za kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Nyekundu na nyeusi alizinunua soko la Kibuye kwa muuzaji aliyemwapia kuwa hazichuji. Nyeupe ilikuwa bafta safi. Alishona majuma matatu, akautoa mfarishi ukapendeza kila aliyeuona. Ulipofuliwa mara ya kwanza, nyeupe yote ikawa rangi ya waridi iliyopigwa mabaka ya kijivu. Wenyewe wakaurudisha. Naye, kwa kuwa ni mtu wa haki, akawarudishia fedha zao hadi senti ya mwisho; nguo, uzi na majuma matatu vikamwendea bure.

"Ustadhi," akaniambia, "nyinyi watu wa pwani mmezaliwa ndani ya leso. Niambie basi, kosa ni la nani? La nguo, la aliyeniuzia, ama langu mimi?"

Maswali haya matatu si ya Kaloleni peke yake. Kila nyumba ya mwambao inayo kanzu iliyowahi kulala na leso mpya katika beseni moja ikaamka na rangi isiyo yake. Na tuyajibu moja baada ya jingine.

Swali la kwanza ni la nguo. Wazee wetu hawakuwa na taabu kubwa ya kuchuja, kwa sababu nguo nyingi walizovaa zilikuwa na rangi chache. Marikani iliyokuja kwa majahazi na merikebu kutoka viwanda vya Marekani katika karne ya 19 haikutiwa rangi kabisa. Kaniki ilikuwa ya nili, na nili ina tabia yake: haiyeyuki kirahisi katika maji, bali hukaa juu ya uzi kama vumbi lililoshikana, ikampaka mvaaji shingoni na mikononi. Nguo hizo ndizo zilizobebwa na misafara ya Waswahili kwenda bara, hata kufika kwa Nabongo Mumia katika nchi ya Wawanga. Reli ilipofika ziwani mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu penyewe, mabunda ya nguo yakaanza kushuka kwa gari moshi.

Wakati huo mambo ya rangi yalikwisha kubadilika Ulaya. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza aitwaye William Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alitengeneza rangi ya zambarau kutokana na mabaki ya makaa ya mawe, na toka hapo rangi za kiwandani zikamiminika. Mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili isiyotoka shambani. Rangi zikawa nyingi na rahisi, na kwa hivyo leso na vitenge vikapata uzuri tuujuao. Lakini rangi zote hazishiki uzi kwa namna moja, na hapo ndipo penye siri ya jambo letu.

Kuna rangi zinazoushika uzi wa pamba kwa ujirani tu. Huingia ndani ya uzi zikakaa, wala hapana kamba inayozifunga. Maji ya moto yakija, nyingine hutoka. Hizi hufuliwa mara kumi nazo zingali zikitoa kidogo kidogo. Na kuna rangi zinazoungana na uzi hasa, zikawa sehemu ya uzi wenyewe. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1956 na kampuni ya ICI ya Uingereza, baada ya kazi ya wataalamu wawili, Ian Rattee na William Stephen. Nyingi ya nguo za pamba zenye rangi kali siku hizi hutiwa rangi za aina hii.

Msomaji atauliza: ikiwa rangi imeungana na uzi, mbona nguo yachuja? Jibu ni kuwa kiwandani rangi yote haipati uzi wa kuungana nao. Sehemu yake huungana na maji, ikapoteza nguvu ya kushika, ikabaki imelala ndani ya nguo kama mgeni asiye na chumba. Kiwanda kinachojiheshimu huisuuza nguo kwa maji yanayokaribia kuchemka, na sabuni, mara kadhaa, mpaka mgeni yule atoke. Lakini maji ni fedha, na kuni au mafuta ya kuchemshia ni fedha zaidi. Kiwanda kinachobana matumizi hupunguza kusuuza, na ile kazi kilichoiacha humngoja mnunuzi nyumbani kwake. Kwa hivyo nguo inayochuja mara nyingi si nguo ya rangi mbaya. Ni nguo ambayo haikumaliziwa kuoshwa.

Kisumu yenyewe ilikuwa na kiwanda chake kikubwa cha nguo, Kisumu Cotton Mills, ambacho kila mtu alikiita KICOMI. Pamba ililimwa katika nchi za pembezoni mwa ziwa, na vinu vya kuchambulia pamba vilikuwako Kendu Bay na Homa Bay. Kiwanda hicho kilifungwa katika miaka ya 1990, wakati nguo za nje na mitumba zilipofurika sokoni. Tangu hapo, kitenge kinachokatwa Kibuye aghalabu kimetoka China au Bara Hindi, na muuzaji na mnunuzi wote wawili hawajui kilisuuzwa vipi. Zamani fundi angaliweza kuubisha mlango wa kiwanda akauliza. Leo hana wa kumwuliza ila maji.

Swali la pili ni la muuzaji. Mimi si kadhi, lakini chuoni nilisomeshwa kama walivyosomeshwa wengi wenu, na mlango wa biashara tuliupitia. Sote tunaikumbuka hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta umaji chini. Mwenye rundo alisema ni mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuuweka umaji ule juu watu wauone, kisha akamwonya juu ya kudanganya. Nguo inayochuja ni rundo lile lile. Ukavu u juu, umaji u chini.

Muuzaji anayejua kuwa nguo yake yachuja akasema haichuji, huyo hukumu yake iko wazi. Lakini wengi hawajui. Wameambiwa na aliyewauzia, naye ameambiwa na mwingine, na neno "haichuji" limekuwa kama salamu. Kwa hao wanazuoni wameacha haki ya mnunuzi kurudisha kitu chenye kasoro iliyokuwamo kabla ya kuuzwa, hata kama muuzaji mwenyewe hakuijua.

Hapa pana jambo zuri kwa sisi watu wa minazi. Imamu Nawawi, katika kitabu chake Minhaji kinachosomeshwa sana mwambao, anaeleza hali ya mtu aliyenunua kitu, kikapata kasoro mpya mkononi mwake, kisha akagundua kasoro ya zamani. Kukirudisha huwa kuzito, kwa sababu hakirudi kama kilivyotoka. Lakini anatoa mfano wa nazi: ikiwa ubovu wake haujulikani ila kwa kuivunja, basi kwa kauli iliyo dhahiri zaidi mnunuzi huirudisha wala halipi kwa kule kuivunja. Tikiti lenye mabuu ndani nalo vivyo hivyo.

Je, kitenge ni kama nazi? Mimi naona sivyo. Ubovu wa nazi haujulikani bila kuivunja, lakini kuchuja kwa nguo hujulikana bila ya kuikata: maji kidogo na pembe ya nguo vyatosha. Mwenye kuijaribu nguo ikiwa nzima, akaiona yachuja, anayo haki yake kamili, airudishe jora kama lilivyo. Mwenye kuikata vipande mia kabla ya kuijaribu ameidhoofisha haki yake kwa mkasi wake mwenyewe. Hapo ndipo yule mama aliposhuka moyo kidogo, maana alikwisha kuona kuwa swali la pili limeingia katika la tatu.

Swali la tatu basi ni la fundi. Na kabla ya kusema afanye nini, yafaa tuseme asifanye nini, kwani dawa za kienyeji ni nyingi. Ya kwanza ni chumvi. Tangu utotoni nimesikia kuwa leso mpya iloweke katika maji ya chumvi, hata ya bahari, rangi ishike. Kisumu nako nimewakuta nayo. Tukaijaribu pale pale barazani kwa vipande viwili vya kitenge kile kile chekundu, kimoja katika maji matupu, kimoja katika maji ya chumvi nyingi. Maji matupu yakawa mekundu upesi. Ya chumvi yakabaki karibu meupe. Mama akatabasamu. Kisha tukakitoa kile cha chumvi tukakitia katika maji mapya yasiyo na chumvi, nayo yakawa mekundu kama ya kwanza.

Sababu yake ni hii. Chumvi huizuia rangi isiyeyuke na kuingia majini, ikaisukuma irudi katika uzi. Ndiyo maana watia rangi huitumia chumvi katika pipa la kutilia rangi. Lakini kuisukuma si kuifunga. Chumvi ikiondoka, rangi hutoka. Mwenye kulowesha nguo katika chumvi akaona maji meupe amedanganyika kwa macho yake.

Ya pili ni siki. Siki ina kazi yake katika sufi na hariri, ambazo hutiwa rangi za jamii nyingine, zinazopenda ukali. Kwa pamba haifungi kitu. Ya tatu ni shabu. Hiyo ilikuwa dawa ya kweli kwa rangi za mizizi na magome, ikitiwa kabla au wakati wa kutia rangi. Kwa nguo ya kiwandani iliyokwisha tiwa rangi haina faida. Ya nne ni magadi. Magadi yaliyosafishwa, kama yale yanayotolewa Ziwa Magadi na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1911, ndiyo hasa yanayoziunganisha zile rangi za 1956 na uzi, lakini wakati wa kutia rangi tu. Rangi iliyokwisha kuungana na maji haiamshwi tena kwa magadi.

Dawa iliyobaki ni ile ile iliyoachwa na kiwanda: kuosha. Fundi na afanye hivi. Akiinunua nguo, asiikate. Achukue pembe ya vidole vinne, aitie katika bakuli la maji ya moto yenye sabuni kidogo, aiache nusu saa. Kisha aitoe mbichi, ailaze juu ya kitambaa cheupe, aiache ikauke hapo hapo. Maji yatamwambia kama nguo inatoa rangi. Kitambaa cheupe kitamwambia kama rangi hiyo itahamia kwa jirani, na hilo la pili ndilo kubwa, kwa sababu ndani ya mfarishi kila kipande ni jirani wa kipande. Kwa kaniki na nguo za nili aongeze jaribio moja: asugue kitambaa cheupe kikavu juu yake, kisha kibichi. Viwanda navyo hufanya majaribio kama haya, ya kufua na ya kusugua, na huipa nguo daraja toka 1 hadi 5, 5 ikiwa ndiyo bora.

Nguo ikionekana yachuja, ioshwe nzima, kila rangi peke yake, katika maji ya moto ambayo mkono hauwezi kukaa ndani, na sabuni ya unga, na maji yawe mengi ili rangi ipate pa kwenda. Imwagwe, ioshwe tena. Achote maji ya mwisho kwa bilauri ya kioo ayatazame penye mwangaza. Yakiwa meupe, amemaliza. Nyekundu, nyeusi, samawati nzito na rangi ya damu ya mzee ndizo za kuangaliwa zaidi. Faida ya pili ni kuwa pamba hurudi ikifuliwa mara ya kwanza. Ikirudi kabla ya kukatwa, mfarishi hautajikunja baadaye.

Iwapo imeoshwa mara nne au tano na maji bado yana rangi, fundi ajue amepata ile rangi ya ujirani. Hapo ana njia mbili. Iko dawa ya dukani ya kufunga rangi, inayoishika rangi ya namna hiyo ikaipunguzia kuyeyuka; aitumie kwa kipimo kilichoandikwa, kisha aijaribu nguo upya. Ama airudishe, au aitumie mahali pasipo na cheupe. Kuiweka karibu na bafta ni kujitafutia kesi.

Watu wa Kisumu wana neema moja ambayo sisi wa mwambao wengi wetu hatuna. Maji yao ya mfereji hutoka ziwani na mtoni, nayo ni mepesi, sabuni hutoa povu mara moja. Sisi wenye visima vya maji ya chumvichumvi twajua sabuni ya mche inavyogeuka utando juu ya maji, na utando huo hushika rangi ukairudisha katika nguo. Kwetu afadhali sabuni ya unga, au maji ya mvua yaliyokingwa. Lakini neema ya Kisumu ina haki yake. Ghuba ya Winam ina taabu za kutosha, gugu maji na maji machafu ya mji. Asifulie mtu nguo ya kuchuja ukingoni mwa ziwa. Afulie nyumbani, na maji yale ayamwage mbali na ziwa na mitaro inayoingia humo.

Na kama maji yamekwisha kumwagika, mfarishi umeshachuja? Usianikwe wala usipigwe pasi, kwa maana ukikauka rangi hukaa pale ilipohamia. Wala usitiwe dawa ya klorini, itakula rangi zote na kuidhoofisha pamba. Uzamishwe ukiwa bado mbichi katika pipa la maji ya moto mengi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, wote uwe chini ya maji, usiku kucha. Sabuni huishika rangi ikaizuia isitue tena. Asubuhi maji yabadilishwe, na urudiwe hata maji yawe meupe. Mara nyingi nyeupe hurudi. Mama wa Kaloleni aliposikia haya alinyamaza, kwani wake ulikwisha kukaushwa na kupigwa pasi mara mbili.

Nikamsimulia habari za ndugu zetu walio ng'ambo. Katika jimbo la Karnataka huko Bara Hindi wako watu waitwao Siddi, kizazi cha Waafrika waliopelekwa huko kwa kuvuka bahari yetu hii, na baadhi yao ni Waislamu. Wanawake wao hushona kwa mkono mifarishi iitwayo kawandi, wakianzia ukingoni wakizunguka mpaka kati, na katika pembe hutia vipande vidogo wanavyoviita maua. Vitambaa vyao ni nguo kuukuu za nyumbani. Nguo kuukuu imekwisha kutoa yote iliyokuwa nayo ya kutoa, haina siri tena. Ushonaji wa viraka ulianza hivyo mahali pengi, na kwa hivyo bibi zetu hawakuhitaji kufundishwa somo hili. Ni sisi tunaokata nguo mpya ya dukani tuliojiletea haja ya kuifanya kuukuu kidogo kabla ya kuishona.

Mama akaniuliza kuosha huko kutamgharimu nini. Tukapiga hesabu: siku moja ya kazi, maji, kuni na sabuni, kwa mfarishi wa majuma matatu. Akasema basi ataitia gharama hiyo katika bei, na mteja atakayelalamika atamwonyesha bilauri. Nami nawashauri mafundi wa kwetu Mombasa, Malindi na Lamu wafanye vivyo hivyo. Na wauzaji wa leso, kabla ya kusema "haichuji", waweke beseni la maji mlangoni pa duka. Gharama yake ni ndogo, na mteja akiyaona maji yamebaki meupe hatahitaji kuapiwa.